Mpira wa Kinyonga

Nyumba ya fundi viatu iliamka kila siku kwa sauti tatu: nyundo ya mama ikigonga soli, birika likilia jikoni, na Manati akisukutua koo bafuni kama injini inayogoma kuwaka. Asubuhi hiyo sauti ya tatu ilichelewa. Mdogo wake akachungulia mlangoni, akamkuta dada mtu anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Dawa ya meno ilikuwa imefika kila mahali isipokuwa kwenye meno.

"Mama! Njoo uone! Dada anapiga mswaki pua!"

"Nyamaza wewe!" Manati akamrushia maji, kwa mkono wa kushoto vilevile, kwa hiyo aliyeloa ni taulo. Mdogo mtu alibaki mkavu, amejishika mbavu kwa kicheko.

Mama akatokea, kiatu cha mteja kimemvaa mkono kama soksi. "Kulikoni? Mkono wa kulia umesafiri?"

"Hapana, mama. Najizoeza kutumia yote miwili. Kocha amesema mchezaji mzuri hategemei upande mmoja."

Kocha hakuwa amesema neno kama hilo. Angesikia maneno aliyotiwa mdomoni asubuhi hiyo, angepuliza filimbi mpaka ipasuke. Mama alimtazama binti yake vile anavyokitazama kiatu kilichojaa tope ambacho mwenyewe anaapa kwamba hakijawahi kukanyaga maji.

"Haya," akasema. "Njoo unywe chai. Na ufute hilo povu shingoni, watu wasidhani tumekunyoa ndevu."

Ukweli ulikuwa begani. Bega la kulia la Manati lilikuwa linauma, na haukuwa uchungu wa kulala vibaya. Akivaa shati lilipiga kelele. Akibeba mkoba lilinung'unika. Kurusha mpira ndiyo usiseme.

Na kurusha mpira ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba kama uzi wa kushonea, lakini mpira ukitoka mkononi mwake ulivuma. Ndiyo maana wenzake walimpa jina la manati, na jina likamganda hata walimu wakasahau lile la kwenye cheti. Alikuwa mrushaji wa Nyuki, timu ya besiboli ya shule yao.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuuona, besiboli ni mchezo rahisi kuueleza na mgumu kuucheza. Mrushaji anasimama kwenye kituta kidogo katikati ya uwanja, ambacho watoto wa shule ile walikiita kichuguu. Anarusha mpira. Mpigaji wa timu pinzani anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiukosa mara tatu, anaondoka. Akiupata, anatimua mbio kuzunguka vituo mpaka arudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani, na hapo timu yake inapata pointi. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, na uwanjani wametawanyika wenzake mrushaji, kazi yao kuukamata mpira uliopigwa. Wakiudaka kabla haujagusa chini, au wakimtangulia nao kituoni, mpigaji yuko nje; watatu wakiwa nje, zamu yao imekwisha. Basi. Mengine yote ni jasho na kelele.

Msimu ulikuwa umefika katikati. Nyuki walikuwa wameshinda mechi nyingi kuliko walizopoteza, na wakimfunga yule jirani wao, shule ya karibu na reli, wangeingia nusu fainali. Hakuna timu ya shule yao iliyowahi kunusa nusu fainali ya mchezo wowote, hata ule wa kukimbia na yai kwenye kijiko. Shule nzima ilikuwa na homa. Mpishi wa shule alianza kuwapa wachezaji kijiko cha ziada, na mwalimu wa hesabu, mtu asiyecheka hata akichekeshwa, alionekana ofisini akipunga rula kama gongo.

Katikati ya msimu Nyuki walikuwa na desturi yao, na kocha ndiye aliyeianzisha. Kocha alikuwa mwalimu wa michezo, mwanamume mwenye kitambi cha kutosha na mbio za kushangaza. Siku hiyo vifaa vyote vilitolewa stoo na kuanikwa juani kwenye ua wa waya: glavu, viatu, soksi, jezi, kofia ngumu za kuvaa mpigaji. Kila kilichochanika kilionekana, na kila kilichonuka kilijitangaza chenyewe. Halafu wachezaji walikaa chini ya ua ule na kujianika wao. Kila mmoja alitaja jambo moja zuri la timu na udhaifu mmoja wake mwenyewe. Waliiita Siku ya Kuanika.

"Tuanze," alisema kocha, akiisukuma soksi moja kwa kijiti mpaka mbali. "Na mwenye soksi hii aje aniombe radhi faragha. Ukuta, wewe kwanza."

Ukuta ndiye mdakaji, mvulana mpana, rafiki wa Manati tangu wakiwa darasa la tatu. Alisimama akajikuna kichwa.

"Uzuri wetu ni Manati. Mpira wake hauonekani. Udhaifu wangu..." akameza mate. "Gongo likipita karibu na uso wangu, nafumba macho."

"Unadaka umefumba macho?" kocha aliuliza.

"Ndiyo, kocha."

"Mungu mkubwa! Hebu fikiri ukiyafumbua!"

Wakaangua kicheko, Ukuta mwenyewe akiwa wa kwanza. Kocha akamwambia kesho watafanya zoezi la kuyazoesha macho, na ikawa imeisha. Akasimama Ndoto, mlinzi wa kule mbali upande wa kushoto.

"Uzuri wetu ni Manati. Udhaifu wangu ni kwamba mpira haufiki kule kwangu, kwa sababu hakuna anayempiga Manati, basi naanza kuwaza. Jana niliwaza chapati mpaka nikasikia harufu yake."

Akafuata Taratibu, msichana mpole, mrushaji wa akiba. Mpira wake haukuwa na kasi, lakini ulikwenda pale alipouelekeza kama mtoto aliyetumwa dukani na akaenda dukani kweli. Alizungumza akiangalia vidole vyake vya miguu.

"Uzuri wetu ni Manati. Mimi naogopa watu wakinitazama. Hata sasa mnanitazama."

"Geukeni!" kocha akaamuru, timu nzima ikageuka na kuutazama ukuta wa darasa mpaka Taratibu alipokaa.

Ikafika zamu ya Manati. Alikuwa amesikia jina lake likitajwa na kila mdomo, na kichwa kilimvimba kwa raha, huku bega likimchoma kwa chini chini. Neno lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi: mkono unaniuma. Akawatazama wenzake, macho yamewang'aa. Akamtazama Taratibu. Akisema tu, Taratibu atapanda kichuguu, na nani atarudisha kichuguu akishakipata?

"Uzuri wetu," alisema, "ni mimi, kama mlivyosikia."

Vicheko.

"Na udhaifu wangu ni kwamba nakula sana."

Wakapasuka mbavu, maana Manati alikuwa mwembamba hata kivuli chake kilihitaji uji. Kocha naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuacha kumtazama.

"Hakuna lingine?"

"Hakuna, kocha."

Sasa, hilo bega halikuanza kuuma hivi hivi. Kocha alikuwa na sheria: siku ya mechi mkono unafanya kazi, kesho yake unalala. Sheria nzuri, na Manati aliamini ilitungwa kwa ajili ya watu wenye mikono ya kawaida. Kila jioni, wenzake wakienda nyumbani, yeye alizunguka nyuma ya ghala la mbao akarusha mpira ukutani mpaka giza likauficha. Bega lilipoanza kulalamika, akaliongezea kazi ili likome.

Halikukoma. Mazoezini siku iliyofuata Ukuta alichuchumaa, Ndoto akashika gongo, na Manati akapanda kichuguu. Akauinua mkono, na bega likamchoma kama sindano ya kushonea viatu. Mkono ulilegea hewani. Mpira ukatoka polepole, umejinyonganyonga, kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba. Ndoto, aliyezoea kombora, alikuwa amekwisha kuzungusha gongo kwa nguvu zake zote. Akajizungusha mara mbili, miguu ikafungana, akakaa chini puu! Ndipo mpira ulipompita, taratibu, ukaingia kwenye glavu ya Ukuta.

Uwanja ukalipuka.

"Umeona? Umeona ile?"

"Umenipita nikiwa nimekaa!" Ndoto alipiga kelele, mavumbi yamemjaa mdomo. "Mpira umenisubiri nianguke ndipo ukapita!"

Kocha alikuja mbio, kitambi mbele. "Manati! Umejifunza wapi huo?"

Hapo palikuwa na mlango wa ukweli, wazi kabisa. Manati akaupita kama hakuuona.

"Nimeubuni mwenyewe, kocha."

"Amebuni!" Ukuta akamkumbatia, kwenye bega lile lile, na Manati akatokwa na machozi ambayo wote waliyaona kuwa ya furaha. "Tuuite mpira wa kinyonga!"

Jina likapita shule nzima kabla kengele ya mwisho haijalia. Wadogo wa darasa la kwanza walitembea mstarini kwa mwendo wa kinyonga, mguu juu, mguu chini, mpaka mwalimu wao akachelewa kufunga mlango. Kocha alichora mpango mpya ubaoni: mpira wa kasi, wa kasi, halafu kinyonga. Na kwa kuwa mrushaji wao alikuwa na maarifa mapya, walinzi wa uwanjani waliona hakuna haja ya kujisumbua. Mazoezi ya kudaka yakawa mafupi. Ndoto alidai mazoezi yake anayafanyia akilini.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka wengine wakapanda juu ya matofali ya jengo lisilokwisha. Mama alifunga kibanda chake cha viatu mapema akaja na mdogo mtu, ambaye alikuwa amejipaka rangi ya manjano na nyeusi mashavuni na kufanana na chui mgonjwa kuliko nyuki. Timu ya reli iliingia ikiimba, jezi zimepigwa pasi mpaka zinakata.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nyuki walikwenda kupiga na, kama kawaida yao, walipiga kila kilichopita, hata kipepeo angepita wangemzungushia gongo. Lakini siku hiyo bahati ilikuwa yao. Ukuta aliutuma mpira mpaka kwenye matofali, watu wakainama, wachezaji wakakimbia, na wakapata pointi nne. Manati akapanda kichuguu. Wa kwanza wa reli alikuja ametunisha kifua, akitarajia kombora. Akapewa kinyonga. Gongo lake lilipita mapema kama mtu aliyefika arusini siku moja kabla, na uwanja ukavunjika kwa kicheko. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alijizungusha mpaka kofia ikamgeukia kisogoni.

"Kinyonga! Kinyonga!" shule ilishangilia.

Nahodha wa reli, msichana mrefu mwenye macho makali, hakucheka wala hakukasirika. Alikaa kwenye benchi lao amejishika kidevu, akiangalia. Baada ya muda akawainamia wenzake na kusema kitu. Alipokwenda kupiga, alisimama ametulia. Manati akarusha. Kinyonga kikaja, na nahodha akakingoja. Akakingoja tena kidogo. Halafu, paa! Mpira ulipaa, ukaenda kutua upande wa kushoto, hatua chache tu kutoka alipokuwa amesimama Ndoto akitazama mawingu.

"Ndoto!" timu nzima ililia.

"Eeh?" alisema Ndoto.

Alipoupata mpira, nahodha alikuwa tayari nyumbani, anagongana viganja na wenzake. Na baada yake wakaja wengine, wote wametulia, wote wanangoja. Maana siri ya kinyonga ni kwamba kinashangaza mtu anayetarajia duma. Duma akikosa kutokea kabisa, kinyonga ni mjusi tu anayetembea polepole. Pointi ya pili ikaingia. Ya tatu. Walinzi wa Nyuki waligongana kama watu wanaotafuta swichi gizani.

Zamu ya mwisho ilianza Nyuki wakiwa na nne, reli tatu. Roho za watu zilikuwa juu, na mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama juu ya kiti chake mwenyewe.

"Mpe wa kasi!" Ukuta alimwita kutoka nyuma ya mpigaji. "Manati, wa kasi sasa!"

Mpigaji alikuwa mvulana mdogo, kofia ngumu imemshuka mpaka kwenye nyusi. Manati akajikaza. Akaurudisha mkono nyuma kabisa, jasho jembamba likamtoka, akarusha kwa nguvu zote zilizobaki. Bega likamkatika kwa uchungu, vidole vikafunguka vyenyewe, na mpira ukatoka kwa kasi kweli, lakini ukaelekea ulikotaka wenyewe, moja kwa moja kwenye kichwa cha yule mtoto.

Mvulana alijitupa chini. Mpira ulimpita sikioni, ukagonga ua wa waya nyuma, ua ukalia.

Alipoinuka alikuwa mzima, ila alilishika gongo kichwa chini. Mama mmoja upande wa reli alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Ukuta alivua kifuniko cha uso akapanda kichuguu. "Vipi, unataka kumnyoa nywele yule mtoto?"

"Umeteleza tu."

"Haujateleza." Akamwonyesha kiganja chake. "Nimedaka mipira yako miaka yote hii. Zamani kiganja kilikuwa kinawaka mpaka usiku. Siku hizi hakiwaki. Nilidhani ni glavu mpya. Mkono wako una nini, Manati?"

Manati alikuwa akimwangalia yule mvulana akijifuta vumbi, akijifanya jasiri mbele ya watu, kofia imekwenda upande. Akawaza ingekuwaje kama mpira ungepita vidole viwili tu kulia. Kichuguu kilichokuwa kitamu wiki zote zile kilimwasha miguu kama amesimama juu ya siafu.

Akainua mkono wa kushoto. "Kocha! Nitoe!"

Kocha alifika anahema. "Nini? Umeumia?"

"Bega linauma. Si leo tu, lina siku nyingi. Nilikuwa narusha ukutani kila jioni, hata siku ulizosema nipumzike. Na hakuna kinyonga, kocha. Sikubuni kitu. Bega lilikuwa limeshindwa tu, mkalipigia makofi."

Alitarajia kelele. Kocha alikuwa na kelele za kila aina, alijulikana kwazo mpaka mtaa wa tatu. Lakini alinyoosha kiganja, akaupokea mpira, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Asante kwa kuniambia. Mengine tutaongea. Nenda ukakae, ukunje mkono kifuani hivi, usiuguse." Kisha akageuka, na kelele zikarudi zote: "Taratibu! Njoo!"

"Mimi?" Taratibu alisimama, uso umemwiva. "Leo?"

"Hapana, mwakani! Leo, binti!"

Walipishana kando ya mstari. Manati angeweza kupita ameinamisha kichwa. Alisimama.

"Usiwatazame watu. Itazame glavu ya Ukuta tu, hiyo ndiyo dunia nzima."

"Watanipiga, Manati. Mimi sina kasi."

"Watakupiga, ndiyo. Waache. Wewe weka mpira unapoelekezwa, nyuma yako kuna watu." Akageukia uwanja, akakusanya pumzi, na kama mkono wake ulikuwa umekwisha, koo lilikuwa zima: "Nyuki! Amkeni! Sasa mpira unakuja kwenu! Ndoto, nakuona!"

Taratibu akarusha. Mpira ulikwenda sawasawa, wala haraka wala polepole. Yule mvulana mdogo akaupiga, ukaburuzika chini, mlinzi wa kituo cha kwanza akaukumbatia kama kuku aliyetaka kutoroka, akakanyaga kituo. Mmoja nje! Wa pili akapiga juu. Ukuta akakimbia, akatazama angani, na uwanja mzima ukaona kwamba macho yake yalikuwa wazi, mawili yote, makubwa kama visosi. Akadaka. Wawili nje!

Kisha akaja mchezaji mmoja akapiga vizuri, akafika kituo cha pili. Na baada yake, ametulia vilevile, akaja nahodha mwenye macho makali. Akipiga mbali, wote wawili wanarudi nyumbani, na mchezo umekwisha.

Manati alikuwa amesimama juu ya benchi. Alikuwa amemrushia nahodha yule mechi nzima, alijua mguu wake wa mbele unavyokaa akitaka kupiga upande wa kushoto. Mguu ukakaa hivyo.

"Ndoto! Rudi nyuma! Nyuma! Nyuma zaidi!"

Ndoto hakuuliza. Aligeuka akakimbia, kisogo kwa uwanja, huku gongo likilia paa! na mpira ukipanda, mdogo, mdogo zaidi, ukawa doa. Wachezaji wa reli walikuwa tayari wanakimbia. Ndoto aligeuza shingo, akaliona doa likishuka, akajirusha. Vumbi likamfunika mzima.

Vumbi lilichukua muda wake kutulia. Katikati ya vumbi ukainuka mkono mmoja, na mwisho wa mkono glavu, na ndani ya glavu kitu cheupe.

Patashika iliyofuata haisimuliki. Mpishi alipiga sufuria mpaka likabonyea. Mwalimu wa hesabu alimkumbatia mtu, akagundua ni mwalimu mkuu, akaomba radhi, kisha akamkumbatia tena. Taratibu alibebwa juu juu, akifunika uso, akicheka ndani ya viganja.

Manati hakubebwa. Mama alimkuta kwenye benchi na kumfunga mkono kwa kanga yake, wakaenda zahanati.

Muuguzi, mama mnene mwenye miwani mwishoni mwa pua, alilibonyeza bega hapa na pale. "Hapa?"

"Aai!"

"Na hapa?"

"Hapo ndiyo zaidi."

"Misuli imechoshwa na imevutika. Una bahati. Ungeendelea mwezi mwingine, ungekuja kwangu kuniomba nikusaidie kuchana nywele. Mtoto anakua, na bega lake linakua. Lipumzishe. Hakuna kurusha mpaka litakaponyamaza kabisa. Na kunyamaza si kunyamazishwa, umenielewa?"

"Nimeelewa."

Wakirudi, karibu na kibanda, mama alisimama. "Mteja akiniletea kiatu kinachovuja na kusema kinavuja, nakiziba siku hiyo hiyo," akasema. "Wewe mwanangu uliniletea mkono unaovuja, ukaniambia umejifunza kuogelea."

Manati alitaka kulia, akajikuta anacheka, halafu akalia kweli. Mama akamwacha amalize vyote viwili.

Kabla ya nusu fainali kocha aliikusanya timu uwanjani kwa mazoezi. Wachezaji walikuwa wamekaa kwenye nyasi. Timu iliyowangoja ilikuwa hatari, kila mtu aliijua. Kocha akamwangalia Manati.

"Mkono vipi?"

Wote wakamgeukia. Ndoto, aliyekaa nyuma yake, alimnong'oneza: "Sema umepona! Sema!" Na kwa kweli bega lilikuwa na nafuu kubwa. Alivaa shati bila kelele. Alibeba mkoba. Uchungu uliobaki ulikuwa mdogo kama kokoto ndani ya kiatu. Kokoto ndogo hivyo, nani angeiona?

"Bado unauma, kocha," akasema. "Kidogo, lakini unauma."

Ndoto alitoa pumzi kama mpira wa baiskeli uliotobolewa. Kocha yeye alitabasamu mpaka kitambi kikatabasamu naye.

"Mmesikia?" akasema. "Msisahau mlichokisikia. Timu isiyo na udhaifu sijaiona, na nimezeeka nikiangalia timu. Ukiniambia udhaifu wako, naupangia mazoezi, nautafutia mwenzako wa kukusaidia, na napata muda wa kukutibu. Ukiuficha, siku ya mechi udhaifu huo unavaa jezi ya wapinzani na kucheza dhidi yetu. Na mwili msiudanganye. Ukiumwa, sema. Hakuna kombe lenye thamani ya mkono wa mtoto, wala sikio la mtoto wa wenzetu. Huyu aliyesema 'bado unauma' mbele yenu amenirushia leo mpira mzuri kuliko yote aliyonirushia msimu huu."

Akampa Taratibu mpira.

"Panda. Watu watakutazama."

"Wacha watazame," alisema Taratibu, akiwa bado anaangalia vidole vyake vya miguu, lakini akipanda.

Manati akajisogeza kwenye benchi, akakunja mkono kifuani na kufungua mdomo. Kelele zake ziliwafukuza kunguru juu ya paa la darasa. Kocha akaziba sikio moja, akapuliza filimbi, na mazoezi yakaanza.